Mishumaa Mbele ya Picha ya Tantine

Cheka tu, maana hata nikikukataza utacheka: mimi ndiye niliyemfanyia shangazi yangu msiba mbele ya jopo la maprofesa, naye akiwa hai, tena akiwa njiani anakuja kunipigia vigelegele.

Nilikuwa natetea tasnifu ya uzamili kuhusu hadithi za Meksiko na siku yao ya kuwakumbuka wafu, ambapo familia hupanga meza, huweka picha ya marehemu, mishumaa, maua ya manjano, mkate na kinywaji alichokipenda, kisha hula na kucheka wakiamini amekuja kuwatembelea. (Mada niliichagua kwa ubishi, tangu utotoni nauliza kwa nini kwetu kumkumbuka mtu ni lazima kulia, na hakuna aliyewahi kunijibu bila kunifukuza.) Msimamizi wangu alinionya kwamba jopo limechoka na wanafunzi wa Kihispania wanaokariri vitabu, na nikikariri mimi pia, nafasi ya kufundisha idarani ataipata mwingine. Nikaamua: nitawapangia meza yenyewe, waione kwa macho.

Kasoro ilikuwa picha. Nyumbani kwetu Kamenge, hapa Bujumbura, picha ya marehemu ni moja, ya babu, na mama alikataa katakata: "Apana. Babu yako si kitu ya kuchezea huko shule." Hapo nikaona ukutani picha ya Tantine Espérance, shangazi yangu muuza vitenge wa Mutakura, ya ujana wake, nyeusi na nyeupe. Nani atamtambua? Nikaitia mkobani.

Nikasahau jambo ambalo hata mbwa wa Bujumbura analijua: kwetu kutetea tasnifu ni kama harusi, ukoo unakuja, majirani wanakuja, na wote wamevaa. Sijaanza hata kusema, wakaingia wanawake wa Mutakura wanaouza jirani na Tantine, ambao hawakuwa wamemwona kwa siku kadhaa kwa sababu alivuka mpaka kwenda Uvira, Kongo, kufuata mzigo. Wakaona picha. Wakaona mishumaa.

"Mana yanje weee! Mungu wangu, Espérance!" Mmoja wao, Mama Zawadi, akaketi sakafuni, wenzake wakampokea kilio.

Mwenyekiti wa jopo akavua miwani. "Ni nani wako?"

"Shangazi yangu," nikajibu, na kwa kuwa hilo lilikuwa kweli nikadhani nitapata pumzi ya kueleza yaliyobaki. Sikupata, maana alikwisha kusimama na kutuomba sote tunyamaze kwa heshima ya marehemu. Nikainamisha kichwa. (Ndiyo, hata mimi.)

Katika ukimya huo mlango ukafunguka. Tantine, furushi mkononi.

"Mbona munanyamaza? Ni nani amekufa?"

Mama Zawadi, aliyekuwa hawezi kusimama kwa huzuni, alifika dirishani kabla ya wote. Tantine akaenda hadi mezani, akajitazama, akatazama mishumaa, akanitazama.

"We mutoto. Unaniwashia bougie na mi ningali nakula?"

"Tantine, ni ya masomo..."

"Na hii soda ni ya nani?"

"Ya... ya marehemu."

"Basi ni yangu." Akavuta kiti, akanywa, akamega na mkate. Ukumbi ukaangua kicheko, machozi bado mashavuni.

Nilitaka kukimbia. Sikukimbia. Nikasema naomba kuendelea, nikatetea tasnifu yangu mpaka neno la mwisho, shangazi yangu akitafuna kando ya picha yake. Jopo likanipitisha kwa sharti. "Meksiko umetueleza," alisema mwenyekiti akijifuta macho. "Sasa andika sura juu ya kilichotokea humu, ndipo tuzungumze habari ya kazi."

Naiandika, na nitaimaliza. Huko Mutakura watu bado wanamfinya Tantine mkono kwanza, wahakikishe si mzimu, ndipo wamsalimu. Nami ninayehoji maprofesa, mapadri na vitabu, nimeapa: kabla ya kuwasha mshumaa mbele ya uso wa mtu, nitamwuliza kwanza mwenye uso. Asipoweza kujibu, nitawasha.