Mfalme Aliyeweza Kukimbia

Hisanori Kuwabara aliondoka kwao Tottori akiwa bado mtoto wa shule, akaenda Osaka kuifanya shogi kuwa kazi. Kwa ajili ya sataranji hiyo, ambayo kete uliyoiteka hugeuka askari wako, alikuwa tayari kuacha kila kitu. Akaacha. Wenzake walioa, wakapata watoto, wakanunua magari. Yeye alibaki kwenye ligi ya wanagenzi, ambako sheria haina huruma: ukitimiza miaka ishirini na sita hujapanda kuwa mchezaji wa kulipwa, unafungasha.

Msimu wake wa mwisho ukaangukia kwenye mchezo mmoja. Akishinda, anapanda. Akishindwa, anarudi kwao na umri wake na mikono mitupu.

Mpinzani wake alikuwa Shiraishi, kijana mpole aliyezoea kula naye tambi karibu na kituo cha treni. Walicheza tangu asubuhi bila kutazamana. Alasiri Kuwabara aliona kitu ubaoni. Mfalme wake alikuwa amezingirwa. Kila alikomrudisha nyuma, kifo kilikuwa kimeshafika.

Kwenye shogi mtu hangoji kuchinjwa. Hujitamkia mwenyewe kwamba ameshindwa. Mwalimu wake, mzee Negoro, alikuwa akimkaripia kila alipochelewa: "Ukishakufa, lala. Usimkalishe mwenzio matanga ya bure."

Kuwabara akaweka kiganja juu ya kete alizoteka, akainama.

"Nimeshindwa."

Shiraishi hakuinama mara moja. Alimtazama kwanza, kama mtu aliyepewa mzigo usio wake.

Mchezo ukiisha, wawili huurudia pamoja, waone ulipoharibikia. Kuwabara akazipanga kete kwa mikono iliyotulia, hata akatania. "Haya, bwana mdogo, nionyeshe uliponimaliza."

"Kaka." Shiraishi akaunyooshea ubao kidole. "Mbona hukwenda mbele?"

"Mbele wapi?"

"Huku kwangu. Mfalme aingie katikati ya watu wangu. Sikuwa na cha kumzuia."

"Acha masihara."

"Nilishakunywa maji, kaka. Nilikuwa nalainisha koo niseme mimi kwamba nimeshindwa."

Kuwabara akamsogeza mfalme mbele kwa kidole kimoja. Wakajaribu kumwua kwa njia hii, wakajaribu kwa ile. Kila mara alipona. Shiraishi akaanza kulia kimyakimya, na Kuwabara, asiyejua la kufanya, akamtafutia leso. Neno lilikwishatamkwa, na halirudishwi.

Siku hizi anapakia mapeasi kwenye ghala la kwao. Hamlaumu mzee Negoro; huko kulala mapema alikupenda mwenyewe, kwa sababu kulifanana na uungwana. Jumapili hucheza na wastaafu ukumbini juu ya soko la samaki. Wanampenda, ila wanamlalamikia jambo moja: hakubali kushindwa. Tsunoda, aliyekuwa dereva wa basi, humcheka waziwazi.

"Bwana Kuwabara, mfalme huyo ameshaoza. Tumzike tukale."

"Ngoja kidogo, mzee."

"Ningoje nini? Anakwenda wapi?"

Kuwabara humsukuma mfalme hatua moja mbele, katikati ya maadui, ambako safari hii kweli hakuna njia.