Kumkaba Baba Mkwe

Timu yetu ya mpira wa kikapu pale Ifakara ilikuwa na ugonjwa mmoja. Nyumbani ilishinda, ugenini ilishindwa, na ilishindwa kwa namna ileile kila mara. Tunaongoza robo tatu nzima, tunaongoza mpaka dakika tano za mwisho, halafu tunapoteza kwa pointi moja au mbili. Lupiro tulipoteza kwa moja. Sanje tulipoteza kwa mbili, na siku hiyo ya Sanje tulikuwa mbele kwa tisa, mashabiki wao wameshaanza kubeba viti vyao kurudi majumbani. Tukipanda gari kurudi, hakuna anayeongea mpaka mtu mmoja aone ndizi za kuchoma barabarani na kumwomba dereva asimame.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Wengine walisema ringi za ugenini zimefungwa juu kuliko zetu. Wengine walisema tunarogwa, na mchezaji wetu mmoja alifika mahali pa kuukwepa mstari wa katikati asiukanyage, akawa anauruka kama mtu anayevuka mfereji. Kocha wetu, mwalimu wa sekondari, mama ambaye hata sokoni alikwenda na filimbi shingoni, alitusikiliza wiki nzima, kisha akatukusanya.

"Nyie mpira mnaujua," alisema. "Kinachowaangusha ni adabu."

Tulicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Bondeni kwetu timu ngeni inapokelewa. Unashuka kwenye gari unakuta maji ya kunawa yako tayari, wali umeiva, kuku amekatwa, na kuna mama anakuongezea mchuzi bila kuuliza huku akisema, "Kula mwanangu, utakimbiaje na njaa?" Unakula, unashukuru, unaulizwa habari za nyumbani. Halafu unafika dakika ya mwisho, mtoto wa yule yule mama ana mpira mkononi, na wewe ndiye unayetakiwa kumpokonya mbele ya mama yake. Mkono unakuwa mzito. Hatukuwahi kukubaliana hivyo, ilikuwa inatokea tu. Ifakara tulikuwa simba. Tukivuka mpaka wa kata tulikuwa wageni.

Mimi nilikuwa na ugonjwa huo kama wenzangu, na juu yake nikawa na wa kwangu mwenyewe, ambao makao yake makuu yalikuwa Kidatu. Nilioa Kidatu.

Baba yake mke wangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye mashamba ya miwa mpaka alipostaafu. Kazini alistaafu, uwanjani aligoma. Alikuwa anakaribia miaka sitini na bado jina lake liko kwenye orodha ya timu ya Kidatu. Hakuwa anaanza. Alikaa benchi, taulo magotini, anakunywa chai ya rangi kutoka kwenye chupa yake, na zikibaki dakika tano anasimama mwenyewe bila kuitwa. Kukimbia alikuwa hawezi tena. Alikwenda kusimama karibu na ringi, ameipa mgongo, akipewa mpira anageuka taratibu upande wa kushoto, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake, na mpira unaingia. Kila mtu bondeni alijua atageukia kushoto. Haikusaidia kitu.

Sasa, kazi yangu kwenye timu ilikuwa moja: kumkaba mtu hatari wa upande wa pili. Na dakika tano za mwisho za Kidatu, mtu hatari alikuwa baba mkwe.

Mama yangu ni mtu wa Mahenge na alinilea kwa sheria. Mkwe hashikwi mkono, hapitwi kwa mbele, halali yako ni kumsalimia kwa kuinama ukiwa mbali kidogo. Ukimkuta njiani nawe uko juu ya baiskeli, unashuka na kuisukuma mpaka apite. Nilikuwa nimezishika sheria hizo zote bila shida yoyote, kwa sababu hakuna sheria hata moja kati yake iliyowahi kufikiria mpira wa kikapu, mchezo ambao watu wanasukumana kwa makalio kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho.

Mwaka wa kwanza wa ndoa tulikwenda Kidatu, tukawa tunaongoza kwa tatu, mzee akaingia. Akaja kusimama mbele yangu. Sikuwa nimemwona tangu tufike, na mdomo ulifunguka wenyewe.

"Shikamoo, baba," nilisema, nikainama.

"Marahaba," akajibu, na wakati mimi bado naangalia viatu vyangu alikuwa ameshapokea mpira, amegeuka, amefunga. Uwanja mzima ulicheka. Wenzangu walinitania kutoka Kidatu mpaka Mang'ula, na nahodha wetu, fundi pikipiki ambaye hana huruma hata kidogo, aliapa kwamba siku nyingine nitamchinjia na jogoo katikati ya mchezo. Tulipoteza kwa moja.

Mwaka wa pili nilijitayarisha. Nilikwenda benchi lao mapema, nikamsalimia mzee kwa utaratibu wote, nikajiambia deni la heshima limekwisha. Dakika tano za mwisho akaingia, akaanza kurudi nyuma kwa mgongo kuelekea ringi, na mimi, Mungu anisamehe, nikampisha. Nilisogea pembeni kabisa, kama unavyompisha mtu mzima kwenye kijia cha shambani. Hata yeye alishangaa, nakumbuka alinitazama kabla ya kufunga. Tulipoteza kwa mbili.

Mwaka wa tatu mambo yakawa mazito. Mchezo wa Kidatu ulikuwa wa mwisho, na atakayeshinda ndiye angeliwakilisha bonde kwenye mashindano ya mkoa, Morogoro mjini. Timu yetu haikuwahi kufika huko. Jumatatu ya wiki hiyo kocha aliniita pembeni.

"Mzee akiingia, wewe unatoka," alisema. "Sina ugomvi na ndoa yako."

Iliniuma. Nilikuwa na miaka kumi kwenye timu ile, na nilitaka Morogoro kuliko mtu yeyote. Lakini nilitaka pia kuendelea kukaa kwenye sebule ya wakwe zangu nikiwa mtu na adabu zake, na sikuona njia ya kuvipata vyote viwili. Nilirudi nyumbani nimevimba. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele uani, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka ungo chini ili acheke vizuri.

"Ulipotaka kunioa ulikwenda mwenyewe kwa baba?" aliuliza.

"Hapana. Nilituma mshenga."

"Basi? Jambo la kwa mkwe linapita kwa mshenga. Mtume."

Mshenga wangu alikuwa nahodha. Ndiye aliyenipelekea posa, na ingawa alinicheka kwanza kwa muda wa kutosha, Alhamisi alifunga kibanda chake cha pikipiki, akabeba kiroba cha mchele wa Ifakara na kuku mmoja jike, akaenda Kidatu. Yaliyotokea huko alitusimulia mara nyingi mno, kila mara anaongeza chumvi, lakini mifupa ya hadithi ni hii.

Alikaribishwa, akapewa maji, akakaa kwa adabu kama mshenga anavyotakiwa. Kisha akasema, "Mzee, nimetumwa na kijana wako. Ana jambo zito."

Mzee akaweka kikombe chini. "Amempiga binti yangu?"

"Hapana, mzee. Wanaelewana sana."

"Anataka mke wa pili?"

"Hapana, mzee. Anaomba ruhusa ya kukukaba."

Mama mkwe alikimbilia jikoni, na kicheko chake kilisikika mpaka nje. Mzee hakucheka. Alimtazama kuku, akautazama mchele, akachukua muda mrefu kiasi kwamba nahodha alianza kufikiri atarudishiwa vyote. Mwishowe akasema, "Zawadi nimepokea. Jibu nitampa mwenyewe, uwanjani."

Hilo tu. Sikulala vizuri siku mbili. Nilimweleza kocha, naye akanitazama kama mwanafunzi aliyeleta sababu ya ajabu ya kuchelewa shule.

"Atajibu uwanjani," alirudia. "Haya. Utabaki mpaka nilione hilo jibu."

Jumamosi Kidatu ilijaa. Tulilishwa kama kawaida, na kocha alipita nyuma yetu akiondoa vipande vya kuku kwenye sahani za watu wenye macho ya shukrani. Mke wangu alikwenda kukaa na ndugu zake, mtoto wetu mgongoni. Nilimsalimia mzee benchini kwake. Akaitikia, akaendelea na chai yake. Usoni hakukuwa na kitu.

Tulicheza vizuri. Zikabaki dakika tano, tuko mbele kwa sita, na mzee akaondoa taulo magotini. Uwanja uliruka. Alitembea polepole mpaka karibu na ringi, akanipa mgongo. Nikasimama nyuma yake nusu hatua, mikono juu, sithubutu kumgusa. Akapewa mpira, akageuka kushoto, akafunga. Mbele kwa nne. Nikamwona kocha ananyanyuka kuomba mabadiliko.

Ndipo kiwiko kikaja. Kiliniingia ubavuni, kikavu, cha makusudi kabisa, wakati refa anatazama kwingine. Niligeuka nikamkuta mzee anaangalia ringi kwa utulivu kama mtu anayesubiri ibada ianze. Kisha akanisukuma kwa makalio, nikayumba hatua mbili.

Hilo ndilo lilikuwa jibu. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilimnyooshea kocha kidole gumba, nikarudi, nikauweka mkono wangu mgongoni mwa baba mkwe na kifua changu kwenye bega lake, nikamsukuma na mimi. Alikuwa mzito, mgumu kama gunia la mpunga. Kandoni akina mama wakapiga kelele, "Jamani, mkwe! Mkwe huyo!" Mke wangu alijifunika uso kwa kanga, ila mabega yalikuwa yanamtikisika. Kwa dakika nne mzee hakufunga tena hata mara moja. Alinivuta jezi, alinikanyaga, na nilikuwa sijawahi kufurahi hivyo kwenye mchezo wowote.

Bahati mbaya Kidatu walikuwa na wachezaji wengine pia. Wenzangu waliwapisha vijana wao mmoja mmoja, kwa upole uleule, na mwenye simu ya kupima muda alipotangaza sekunde ishirini, tulikuwa nyuma kwa moja na mpira ni wao. Wakampa mzee. Angeweza kuukumbatia tu mpaka muda uishe. Kila mtu alijua hivyo, na yeye alijua kuliko wote. Akadunda mara moja, mara mbili, akageuka kushoto.

Niliruka. Kiganja changu kilikutana na mpira, mpira tu, lakini miili yetu ilifuata nyuma ikagongana, na baba mkwe wangu akaanguka chini, akakaa kwa kishindo kwenye saruji. Refa hakupuliza. Mpira ulikuwa mkononi mwangu, uwanja wote mbele yangu uko wazi, na mimi nikasimama. Naapa nilisimama. Nilikuwa nimemwangusha baba wa mke wangu mbele ya mtaa wake mzima. Nilisikia nahodha ananiita majina ambayo siwezi kuyaandika, nikasikia filimbi ya kocha, ambayo hakuruhusiwa kuipuliza, na bado niliinama nimwinue.

"Unainama nini?" mzee alifoka kutoka pale chini. "Kimbia! Kafunge!"

Mkwe akikuagiza, huulizi. Nilikimbia. Nilikimbia kwa utii mtupu, nikaubandika mpira kwenye ubao, ukagonga ringi ukaingia, na kabla haujadunda chini muda ukawa umekwisha.

Wenzangu walinirukia wote, pamoja na yule wa kuukwepa mstari, aliyekuwa amesimama juu yake bila habari. Kocha alikuwa anacheza peke yake, viatu mkononi. Upande wa pili vijana wa Kidatu walikuwa wamemzunguka mzee. "Mzee, umetuuza!" walilalamika. "Umemwambia akafunge!"

"Binti yangu analala kwa huyu," aliwajibu. "Mnataka aishi na mtu anayeachia mambo njiani?"

Walitaka kumwinua, akawapungia mkono waondoke. Aliendelea kukaa pale chini, ananitazama mimi. Nilijitoa kwenye rundo la wenzangu, nikamwendea, nikasimama mbali kidogo kama nilivyofundishwa. Akaninyooshea mkono. Sikujua la kufanya, nikamtafuta mke wangu kwa macho, naye akaniashiria kwa kichwa niende. Nikaushika. Nilimvuta, akasimama, akajipangusa vumbi kwa mkono mmoja, ule mwingine hakuuachia.

"Umechelewa miaka miwili," alisema.