Saa Moja ya Bibi Wegesa

Kuna Jumatatu moja ya Musoma hainitoki kichwani, mwanangu, ingawa tangu hapo nimehama miji mingi hata nimesahau rangi za milango niliyopanga. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilifanya kazi kwenye kibanda cha picha na video pale Mukendo, ambapo asubuhi upepo wa ziwa ulituletea harufu ya sato wanaokaangwa. Shule yangu iliishia kidato cha nne, lakini kompyuta niliziweza, na nilijua kwamba naziweza. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Jumamosi iliyoitangulia nilikuwa Butiama kwa Mzee Masatu, mfugaji. Mama yake, Bibi Wegesa, ndiye peke yake aliyebaki pale kijijini anayejua makaburi ya ukoo, nani amelala wapi, hata yale ambayo mawe yake yalishaondolewa na jembe. Mzee Masatu aliniita nimrekodi mama kabla kumbukumbu haijamtoka. Mdogo wake bibi, Nyangeta, alikuwa amekuja kutoka Bunda, basi wakatembea shambani wote wawili, mmoja akitaja majina, mwenzake akimsahihisha. Walipofika kwenye kaburi la mama yao walisimama wakaimba wimbo aliokuwa akiwaimbia akisaga ulezi. Wajukuu walisema hawajawahi kuusikia.

"Umepata yote?" Mzee Masatu akaniuliza.

"Yote, baba. Mpaka kikohozi."

Jumatatu nikaanza kuihamisha ile saa nzima ya video kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda kwenye diski ya ofisi. Umeme ukakatika. Uliporudi nikakuta faili lipo, na ukubwa wake ni uleule wa kwenye kadi, namba kwa namba. Nikafungua mwanzo, nikamwona bibi anasalimia. Nikaridhika. Mchana tulikuwa na sherehe ya kipaimara huko Kamunyonge na kadi tuliyokuwa nayo ni hiyo moja tu. Nikaifuta, nikaenda kurekodi.

Wiki iliyofuata nikakaa kuitazama. Dakika ya tisa, bibi akiinua mkono kuonyesha kaburi la pili, kioo kikawa cheusi. Nikasogeza mbele. Weusi na ukimya, mpaka mwisho wa ile saa.

Nikabeba diski na kadi, nikapanda gari hadi Bunda, mtaa wa Nyasura, kwa Mwalimu Mafuru, mstaafu aliyetengeneza kompyuta sebuleni kwake. Aliandika maneno machache, akanigeuzia kioo nione namba mbili.

"Hii ni ukubwa ambao faili linajitangazia. Hii ya pili ni nafasi lililokalia kweli kwenye diski. Unaona?"

Ya pili haikufika hata robo ya ile ya kwanza.

"Kwenu mlikuwaga mnawekesha ng'ombe kwa marafiki?" akauliza.

Nikakubali. Baba yangu hakuweka ng'ombe wote kwenye zizi moja. Wawili walikaa kwa rafiki huyu, watatu kwa yule, ili ugonjwa au wezi wasiwamalize kwa siku moja.

"Basi faili nalo ni hivyo. Vipande vyake hutawanywa popote diski ilipo na nafasi, halafu kuna orodha inayosema kipande cha kwanza kiko wapi na cha pili kiko wapi. Hiyo programu yako ya kunakili hutangaza ukubwa wote mwanzoni, ndipo inaanza kupeleka vipande. Umeme umekatika njiani. Sasa pale orodha isipokuwa na kipande, kompyuta haisemi hakuna. Inakupa sifuri tupu, kana kwamba ndivyo ulivyorekodi."

"Kumbe kompyuta ndiyo yenye kosa, mwalimu?"

"Acha hizo. Huo uwazi una kazi yake. Faili lenye sehemu nyingi tupu lisile diski bure, ndiyo maana limeruhusiwa hivyo. Baba yako akitumiwa salamu kwamba ng'ombe wapo, alikuwa anaishia hapo?"

Nilimwona baba na fimbo yake, akienda boma kwa boma mpaka amguse kila mnyama mgongoni.

"Wewe mama wa mtu umemhesabia mlangoni, ndani hukuingia!" Mwalimu akaguna, akaiomba ile kadi tujaribu kufufua kilichofutwa. Tulipata watoto wa kipaimara wakikata keki. Walikuwa wamerekodiwa juu yake.

Nilipaswa kwenda Butiama siku ileile, mwanangu. Nilikaa mwezi mzima nikitafuta maneno ya kwenda kusema. Nilipofika hatimaye, Bibi Wegesa alinisikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda, akatabasamu kidogo.

"Kumbe mashine yako ni kama wajukuu wangu. Imekula kidogo, inasema imeshiba."

Akasimama. Tulitembea siku mbili, pole pole, naye akanitajia majina yote tena, na makaburi yote nikayapata. Kwenye kaburi la mama yake nilishika kamera nikangoja.

"Bibi, na ule wimbo?"

"Ule ni wa watu wawili, baba. Nyangeta anashika juu, mimi nashika chini." Akainama kung'oa jani kaburini. "Nyangeta tumemzika wiki iliyopita. Hukusikia?"

Sikuwa nimesikia. Nilikuwa Mukendo, nikitafuta maneno.

Umeme ningeweza kuulaumu hadi leo, mwanangu. Ule mwezi sina wa kumlaumu. Kwa hiyo ukipewa kitu cha watu ukitunze, usiamini ukubwa kinachojitangazia. Fungua katikati, fungua mwisho, ukione chote kwa macho yako ndipo ufute cha kwanza. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, aibu isikuketishe. Nenda siku hiyohiyo, hata kama huna la kusema, kwa sababu wenye kitu wanaweza kuwa bado wapo wawili.

Mungu akujalie subira ya kutazama hadi mwisho, na akupe miguu myepesi ya kwenda kuomba radhi.