Matanga ya Baba Huku Kasungami

Vita vilipotutoa kijijini, mimi na baba tulikimbilia upande mmoja, mama na wadogo zangu upande mwingine. Nilipomkuta mama Kasungami, nilikuwa peke yangu. Akaniuliza baba yuko wapi. Nikasema amekwenda Sakania, kule mpakani, kutafuta kazi. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Baba alipigwa risasi kwenye shamba la mihogo. Alianguka, nami nikamwacha, nikakimbia.

Mwaka ukapita. Mama alimwuliza kila mchuuzi aliyetoka Sakania. Majirani walimtania kwamba mume wake ameoa bibi Muzambia, naye akacheka pamoja nao. Kicheko hicho kilinikondesha.

Parokiani kulikuwa na mama mmoja mshauri, kazi yake kusikiliza watu waliotoka vitani. Siku ya kwanza aliniuliza kama ninataka mlango ubaki wazi au ufungwe. Nikasema wazi. Nikaketi nikiangalia njia. Wiki ya tatu alinipa daftari. Nimesoma shule ya msingi tu, ninaandika polepole. Yeye alishona nguo yake mpaka nikamaliza sentensi moja: baba hayuko Sakania. Aliisoma. Hakuniuliza yuko wapi. Aliniambia nikanyage sakafu kwa miguu yote miwili, nipumue. Kufika kwa maneno kwenye lile shamba la mihogo kulituchukua miezi.

Nilimwomba aende yeye amwambie mama.

“Tutaenda wote, mwana,” alisema. “Lakini maneno iko yako.”

Tulimkuta mama anasonga bukari. Nikasema yote nikiangalia moto. Mwiko ukasimama.

“Na weye ulikimbia?”

“Ndiyo, mama.”

“Hata kitambaa haukumufunika?”

“Hapana.”

Akatoka uani, akapiga kilio. Majirani wakaja na viti, wakawasha moto wa matanga. Mzee mmoja aliuliza marehemu amekufa lini, ili wajue kuhesabu siku za kilio.

“Leo,” mama alisema.

Mzee alinitazama. Mimi nilitazama chini. Wakaanza kuhesabu kuanzia siku hiyo.

Siku mbili mama hakunisemesha. Nilichota maji, nikaosha vyombo vya wageni, nikipita mbele yake kama mtu wa nyumba nyingine. Mshauri alikuja kila mchana, akaketi mkekani na wanawake wengine. Nilimwambia ni afadhali ningenyamaza.

Siku ya tatu ilibidi mama anyolewe. Kwetu mjane hunyolewa na dada wa mume, na shangazi zangu walitawanywa na vita. Wanawake wakaulizana nani ashike wembe.

“Damu ya bwana yangu njo huyu,” mama alisema bila kunitazama. “Anyoe yeye.”

Nikapiga magoti nyuma yake. Nikamkata kidogo juu ya sikio. Mama hakusogea. Aliniinamishia kichwa chake vizuri, nikaendelea.