Maandazi Yaliyokimbia

Kila ninapotwanga iliki jikoni kwangu hapa Ilford, nasikia vishindo vya farasi.

Bibi yangu, Mshirazi wa Unguja, alihadithia vita vya kale vya Uajemi kama habari za wajomba zake. Jumamosi moja, kwenye fleti yetu ya Tottenham, alimwaga unga mezani ukawa nyika. Akanipa maandazi, jeshi letu la Waajemi, niliongoze. Andazi kubwa kuliko yote likawa jemadari. Yeye akachukua mengine, wapanda farasi wa nyikani, adui zetu.

Mara maandazi yake yakakimbia. Nikayafukuza kwa vigelegele hadi ukingoni mwa meza. Hapo yakageuka, na mengine yakatokea nyuma ya birika yakanizingira.

“Wakikimbia usiwafuate, mjukuu wangu,” alisema, akimtafuna jemadari wangu. “Ndivyo walivyotumaliza.”

Nilicheka mpaka unga ukaniingia puani.

Sasa binti yangu amenyakua andazi la moto na kutimkia sebuleni, huku akigeuka kuniangalia kama namfuata. Nyuma ya mlango nasikia kaka zake wakijizuia kucheka.

Mtego huu naujua. Natupa mwiko, namfuata mbio.