Mpishi Aliyekataa Kufunua Sufuria

Hana cheti cha upishi. Hana jiko la gesi, na maji ya bomba humfikia siku tatu tu kwa wiki. Hana kiti mezani wala kura katika mikutano ya vijana anaowapikia, na hakuna chuo kilichowahi kumsajili. Alicho nacho Mama Nelima ni mfuniko wa sufuria.

Ni Ijumaa alasiri mtaani Kapsoya, Eldoret. Mama huyu wa miaka sitini na mmoja anasonga ugali wa watu kumi na wanane kwenye jiko la kuni, nyuma ya nyumba ya mbao na mabati. Mlangoni amesimama mwanamume wa makamo aliyevaa koti la kijivu, bahasha mkononi, akikohoa kwa moshi. Anaitwa Kigen. Hakuna aliyemwambia aketi.

Nyumba hii ni ya Udugu wa Sahani Moja, chama cha wanafunzi Wakristo wa vyuo vya mjini. Kilianzishwa mwaka 1989 na vijana wanne waliokuwa wakisomea ualimu. Mmoja wao, Lazarus Kipyego, sasa ni mwalimu mstaafu.

"Tulikuwa tunaimba pamoja asubuhi, lakini siri tunaambiana kwa lugha ya nyumbani," anasema. "Tukasema, hebu tukae nyumba moja, na kila mtu alale chumba kimoja na mtu asiyejua lugha ya mama yake."

Wakaweka na desturi ya Ijumaa. Sufuria huletwa mezani ikiwa imefunikwa, na mpishi huuliza kama kuna mtu mwenye neno na mwenzake. Likiwapo, wawili hao hutoka hadi kwenye tangi la maji, wakazungumza, kisha wakarudi kula sahani moja. Mpaka warudi, mfuniko hauguswi na hakuna anayekula. Kazi ya kuuliza alipewa mpishi kwa sababu yeye si mwanachama, na hana upande.

Nelima, mzaliwa wa Kiminini, aliajiriwa mwaka 1994. Kwa mshahara ambao leo ni shilingi elfu kumi na moja kwa mwezi, amesomesha watoto watatu. Anakumbuka siku vijana wawili walipogombania koti lililoazimwa likarudi limeungua kwa pasi. Walikaa kwenye tangi mpaka ugali ukawa mgumu kama sabuni.

"Walirudi wakicheka," anasema. "Mwenye koti akala nyama yote. Mwenzake akamwambia, kula tu, hiyo ni fidia."

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007, na ghasia za kikabila zilizoufuata. Nelima alikuwa kwao kwa Krismasi, na wanafunzi wengi walikuwa likizoni. Aliyebaki kulinda nyumba ni Kigen, wakati huo mwanafunzi wa ualimu. Mwanzoni mwa Januari, barabara zikiwa zimefungwa na nyumba zikichomwa, Edwin Gathogo alikimbilia hapo. Alikuwa akilala chumba kimoja na Kigen kwa miaka miwili.

Vijana waliokuwa barabarani walikuwa wametangaza kwamba nyumba itakayoficha mtu wa kabila la kina Edwin itateketezwa. Edwin aligonga lango, akaita. Kigen hakufungua. Edwin alifanikiwa kufika uwanja wa maonyesho, walikopiga kambi maelfu ya waliofukuzwa makwao. Baadaye aliondoka Eldoret, na hajarudi.

Masomo yalipoanza tena, Kigen aliwaeleza wenzake mwenyewe yaliyotokea. Ijumaa ya kwanza Nelima akaleta sufuria, akauliza swali lake. Kigen hakuinuka kitini. Wengine wakasema kwamba desturi inahesabu waliopo, na Edwin hayupo.

"Nikawaambia, huyo hakusafiri. Alifungiwa mlango," anasema Nelima.

Akabeba sufuria akairudisha jikoni. Aliyetaka kula alimfuata huko, akapakuliwa akiwa amesimama. Walidhani ni hasira za wiki moja. Imekuwa hivyo hadi leo.

Waliojua sababu wakahitimu, na waliowafuata wakakuta watu wanakula wamesimama. Wakafikiri ndiyo desturi yenyewe. Mwenyekiti wa sasa, Opiyo, anayesomea uhandisi, anakiri kwamba aliwahi kuwahubiria wanachama wapya kuwa wanasimama kama Waisraeli usiku wa kutoka Misri.

"Watu wakasema amina," anasimulia. "Mama alikuwa anaosha sufuria. Akacheka mpaka akaketi chini. Nikamuuliza, kwani nimekosea wapi, Mama? Hapo ndipo akaniambia."

Hiyo ilikuwa Aprili mwaka huu. Nelima anastaafu Desemba, na Opiyo anataka sufuria irudi mezani kabla Mama hajaondoka. Bila desturi hiyo, anasema, wao ni wapangaji tu wanaoomba pamoja. Nelima alikubali kwa sharti moja, kwamba Kigen amtafute Edwin kwanza, na sharti hilo likampeleka Opiyo hadi Moiben, ambako Kigen anafundisha shule ya msingi na kufuga ng'ombe wa maziwa.

Kigen alieleza kwamba amewahi kujaribu. Alimpigia Edwin, ambaye ni mwalimu Nyahururu, mara mbili. Kila mara simu ilikatwa alipotaja jina lake. Akapendekeza Udugu uandike barua rasmi kwa niaba ya wote. Nelima hakutaka hata kusikia.

"Mlango haukufungwa na kamati," alimwambia Kigen kwa simu. "Andika wewe. Simu ataikata. Barua, hata akiitupa, atakuwa ameishika kwanza."

Barua aliyokuja nayo leo ni ya ukurasa mmoja. Haitaji siasa wala vijana wa barabarani. Inasema kwamba alikuwa dirishani, alimwona, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Inamwomba Edwin aje Ijumaa yoyote kabla ya Desemba. Kama hawezi, ajibu hata kwa matusi.

"Na asipojibu?" Kigen anauliza.

"Nitaenda Kiminini na mfuniko wangu," anasema Nelima. "Nyinyi mtaendelea kula mmesimama kama ng'ombe wako."

Anaepua ugali. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, anasema angependa kuuliza lile swali mara moja tu, wote wawili wakiwa wameketi.

Kigen analamba ukingo wa bahasha, lakini gundi imekauka na haishiki. Nelima anaichukua, anamega ugali kidogo pembeni mwa sufuria, anaufikicha kwa vidole, anaupaka ukingoni na kumrudishia. Kigen anaibana bahasha kwa viganja viwili mpaka ipoe. Opiyo, anayepanga sahani pembeni, anajitolea kuipeleka posta. Nelima anatikisa kichwa, na Kigen anaondoka nayo mwenyewe.

Dirishani posta, karani anaigeuza bahasha, anaona imevimba upande mmoja. Anamuuliza kuna nini ndani.

"Ndani ni barua," anasema Kigen. "Hapo nje ni ugali."

Karani anaikandamiza kwa kidole gumba, anaona imeshika. Anabandika stempu, anapiga mhuri, na kuitumbukiza katika gunia la Nyahururu.