Papa Fidèle Aanika Betri

Papa Fidèle akitaka kujua siku itakuwaje, anatikisa kidumu cha petroli nyuma ya pickup yake. Kikilia chubwi-chubwi, anatabasamu. Petroli unaiona, anasema, unaisikia, unainusa. Haiwezi kukudanganya.

Kazi yake ni kukata nyasi za watu, hapa DeSoto, Texas, na kuendelea mpaka Lancaster. Zamani alikuwa ghalani anabeba maboksi, akaacha kwa sababu mle ndani, anasema, hakuna kitu cha kutazama. Sisi tunakaa nyumba inayofuata, kwa hiyo mashine zake tunazijua kwa sauti. Ziko tatu: ya kusukuma, ya kupuliza majani, na ile ndefu yenye uzi wa plastiki unaozunguka na kukata pembeni pembeni mwa ua. Kila asubuhi anaziwasha moja moja, anainamisha kichwa, anasikiliza kama mtu anayepima sauti za kwaya.

Na kweli ni mtu wa kwaya. Anapiga gitaa kanisani. Alijifunza kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kwenye gitaa la kopo la mafuta lenye nyaya za breki za baiskeli. Binti yake Orpa alizaliwa kule kule. Alipokuwa na miaka kama sita hivi, alikuwa akicheza mbele ya lile kopo mpaka vumbi linapanda, na baba yake akamwambia: siku utakayoolewa, nitakuingiza kanisani na gitaa, mimi mwenyewe, wimbo mzima. Watoto hawasahau. Sasa harusi ya Orpa ilipangwa Septemba, na huu ulikuwa Julai.

Shida ilikuwa vidole. Akishashika ile mashine ya uzi kwa saa mbili tatu, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vinakuwa vyeupe kama chaki, havisikii kitu. Mwanzoni alivipulizia tu, akacheka. Halafu Alhamisi moja kwenye mazoezi wakafika sebeni, pale waimbaji wananyamaza, magitaa yanakimbia na watu wanacheza. Kidole kikateleza. Kikateleza tena. Josué, kijana anayepiga besi, akasema, "Papa, leo gitaa linatafuna karanga?" Watu wakacheka. Papa Fidèle naye akacheka, ila mkono akautia mfukoni.

Aliyeugundua ugonjwa ni Mama Everline. Ni nesi Mkenya, anafanya kazi usiku, analala mchana, na ua wake hukatwa Jumatatu. Alimpa Papa Fidèle glasi ya maji, ikamponyoka ikapasuka.

"Baba Orpa, hebu nione huo mkono."

"Ni baridi tu, mama."

"Baridi gani, Julai ya Texas? Wee!" Alibonyeza kucha, akangoja damu irudi. Ilirudi polepole sana. "Hii ni ile mashine inakutetemesha. Enda kwa daktari. Na hiyo kitu uipunguze, la sivyo hiyo gitaa utaipea wajukuu."

Akafungua gereji. Mlikuwa na mashine ya uzi na ya kupuliza, zote za betri, bado zinang'aa. "Nyaga alinunua hizi," alisema. Nyaga ni mumewe. "Alikata nyasi mara moja, akalala na mgongo wiki mbili. Sasa ni mapambo ya gereji. Chukua ujaribu. Hazitetemeki sana, na mimi nitapata usingizi."

Papa Fidèle aliigeuza ya uzi juu chini. Alitafuta mahali pa kutilia petroli, akijua kabisa hapapo. Akainusa. "Haiko na harufu." Akabonyeza, ikalia kisauti chembamba kama mbu. Akaachia, kimya. "Imezimika?"

"Haijazimika. Inakungoja wewe."

Hilo lilimshangaza. Alibonyeza na kuachia labda mara ishirini. Mashine inayosubiri bila kulalamika hakuwahi kuiona. Alifanyia nazo kazi siku ile, na jioni alimwonyesha mkewe, Mama Annonciata, vidole vyake: vilikuwa na rangi ya vidole. "Angalia!"

"Hivyo vidole naviangalia miaka ishirini na nne," alisema Mama Annonciata. "Kula."

Siku iliyofuata, saa sita mchana, akiwa Lancaster, betri zote mbili zilibaki na taa moja moja. Chaja ilikuwa nyumbani. Basi akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Kambini, betri za redio zikichoka, unazianika. Unaziweka juu ya bati, jua linazipiga, na jioni redio inakupa taarifa ya habari, hata kama ni nusu. Alizipanga zile betri mbili juu ya paa la pickup, ambayo ni nyeusi, akaendelea kusukuma mashine ya petroli. Jua lilikuwa lile linalounguza mkono ukigusa kifungo cha mkanda wa gari.

Baada ya saa nzima akachomeka moja. Akabonyeza. Kimya, taa nyekundu tu inapepesa. Akachomeka ya pili. Vilevile. Akaona labda hazijashiba, akazirudisha juani mpaka jioni.

"Nilijua," alimwambia Mama Annonciata, akiziweka chini jikoni. "Betri ni betri. Ya redio, ya tochi, ya Marekani, zote ziko na moyo mdogo."

Akarudia mashine yake ya petroli. Alhamisi akaja mazoezini na vidole vyeupe, na kabla hawajaanza akamwita Josué pembeni ya spika. Alidhani anasema kwa sauti ndogo, lakini maikrofoni ilikuwa imewashwa.

"Ule wimbo wa kumwingiza Orpa, ujifunze na wewe gitaa lake. Kama tu itatokea."

Josué hakufanya mzaha. Orpa alikuwa mstari wa mbele na waimbaji wenzake. Alikunja karatasi ya nyimbo mara nne, akaikunjua, akaimba.

Jumamosi Papa Fidèle alizirudisha mashine kwa Mama Everline. Betri zilikuwa zimelala siku nne kwenye ubaridi wa ndani. "Zimekufa, mama. Unisamehe. Ona mwenyewe." Akabonyeza ili aone.

Ikalia. Nusura aiangushe.

"Ulizifanyia nini?" aliuliza Mama Everline.

"Sikuzifanyia kitu. Nilizianika tu."

"Ulizi-nini?"

"Nilizianika. Juani. Zipate nguvu."

Mama Everline alikaa juu ya ndoo akacheka mpaka akajifuta machozi na mkono wa sare yake ya kazi. "Baba Orpa! Hata cucu wangu, mama ya baba yangu, alikuwa anaanika za redio! Lakini hizi zinataka kivuli. Zikishika joto zinakataa kazi zisiharibike. Na usirudie, zinaweza kushika moto."

Papa Fidèle hakucheka. Alikuwa anaitazama ile betri. "Inajuaje?"

"Inajua nini?"

"Kwamba imeshika joto."

Tangu hapo Papa Fidèle hakutulia. Alizichukua tena zile mashine, na wiki nzima alizibeba betri kwenye boksi la kupozea soda, limefungwa taulo, halina barafu, na kila akibadilisha anatazama saa. Alijua betri moja inamaliza pembe za nyua tatu ndogo, au mbili kama nyasi zimelowa. Aliazima hata mashine ya kusukuma ya betri kwa rafiki yake, akaijaribu kwenye nyasi nene baada ya mvua. Ikakwama mara nne. Hiyo akairudisha kwa heshima.

"Mkubwa aendelee kunywa petroli," aliamua. "Hizi mbili za kushika mkononi, betri."

Daktari alimwambia avipumzishe vidole na avikinge na baridi. Vitarudi? Labda. Kimoja labda.

Septemba, mlangoni mwa kanisa, mjomba wa Orpa alimshika Orpa mkono. Papa Fidèle akaanza. Alipiga polepole kuliko mazoezini, na Orpa akapunguza hatua zake zimfuate baba, mpaka mjomba akawa anajikwaa. Josué alikuwa kwenye besi, kichwa chini. Wimbo ukaisha wote. Ikabaki sebeni.

Kidole cha mwisho kikakataa. Papa Fidèle alikitazama, akakiinua kikae peke yake hewani, akaingia sebeni na vitatu.

"Papa, usiachie!" Josué alipiga kelele.

Orpa akauachia mkono wa mjomba, akakusanya gauni kwa mikono miwili, akaja kucheza mbele ya gitaa.